Mtumbwi Uitwao Roza

Mkolani, Mwanza
30 Machi 2024

Kaka yangu Yakobo,

Shikamoo. Tangu Jumapili ya Matawi nimekupigia simu mara sita, na mara zote sita umeikata. Kwa hiyo nachukua kalamu. Shigela, kondakta wa basi la Shirati, ameahidi kuipokea barua hii stendi ya Buzuruga na kukukabidhi mkononi. Karatasi huwezi kuikata kabla haijasema.

Huku tu wazima. Goti langu limetulia tangu mvua zipungue. Mjukuu wako Princess hajambo, amenenepa kidogo, na anakusalimu kwa heshima. Yule kuku uliyeniletea wakati wa Krismasi amekataa kutaga, nami nimekataa kumchinja. Tunatazamana tu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mkwe wetu Malimi amekuambia kwamba alinikuta Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, nimeketi kwenye benchi katikati ya vijana, nikicheza mpira wa kwenye runinga. Malimi amesema kweli. Ameacha jambo moja tu, kwamba nilishinda mabao matatu kwa moja.

Vijana huuita mchezo wa namna hiyo gemu, nami nauita hivyohivyo, kwa kuwa ndilo neno walilonalo. Nilianza mwaka juzi nilipovunjika mguu. Princess aliniletea kifaa cha kushika mikononi, wanachokiita pedi, akaniambia, "Bibi, jaribu." Nilikidharau. Kisha nikashindwa, nikashindwa tena, na wewe unanijua: sipendi kushindwa na kitu nisichokielewa. Kufikia siku ya kutolewa plasta nilikuwa nacheza vizuri kuliko yeye.

Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, kaka. Mwanafunzi akikosea, nilimpigia alama nyekundu, na daftari likamrudia baada ya wiki mbili, akiwa amekwisha kusahau alichoandika. Gemu haifanyi hivyo. Ukikosea unajua papo hapo, unapewa nafasi nyingine papo hapo, wala haikuulizi umri wako au cheo chako kanisani. Laiti ningekuwa mwalimu wa namna hiyo.

Ukumbi ni wa Masele, mtu mstaarabu, hamuuzwi pombe humo. Siku za mbalamwezi, vijana wa dagaa wanaposhinda nchi kavu, hujaa hadi mlangoni na harufu yao ya ziwani. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, leo tunakurudisha darasa la kwanza." Nilimfunga manne. Sasa hunipisha kwenye benchi na kunibebea mkoba hadi barabarani.

Lipo jambo ambalo Malimi hakulijua, nami nakuambia mwenyewe. Princess ameacha chuo cha uhasibu tangu Januari. Yeye na wenzake wawili wanatengeneza gemu katika chumba kilicho nyuma ya ukumbi wa Masele. Wao wanaiunda, mimi nasahihisha maneno yake na kuicheza ili nigundue ilipoharibika. Nilijua tangu mwanzo na sikukuambia. Siombi radhi kwa kukubaliana naye. Kwa kukuficha, naomba.

Ni mimi dada yako,
Selina Akumu


Shirati
21 Aprili 2024

Dada Selina,

Marahaba. Shigela amefika, amenipa barua, nimempa maji akanywa. Sisi tupo. Mihogo ya upande wa chini imeoza kwa maji. Mchungaji anaumwa meno, na Jumapili mbili nimehubiri mimi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani unanitania.

Ukicheza wewe ni aibu ya mtu mzima, na mtu mzima hubeba aibu yake. Sitakufuata Kirumba na fimbo. Lakini Princess ni mtoto wa nyumba hii. Baba yake alimwacha mikononi mwangu alipokwenda migodini, nami nilimweka mikononi mwako asome. Sikumweka acheze.

Unaandika kana kwamba ni kazi. Mimi kazi naijua. Nimevua dagaa miaka ishirini na miwili, kisha nikalima, na hadi leo nikikunja vidole hivi havifiki mwisho. Kazi humwachia mtu alama. Hiyo ya kwenu inamwachia nini, macho mekundu? Mtu akiulizwa na wakwe mjukuu wake anafanya nini, ajibu kwamba anachezesha watu?

Nimempatia nafasi katika chuo cha ualimu. Wanaanza Novemba. Nataka awe hapa nyumbani kabla Oktoba haijaisha, na begi lake. Hilo si ombi. Akikataa, nyumba hii asiihesabu kuwa yake.

Mchinje huyo kuku.

Yakobo Odongo


Mkolani
5 Mei 2024

Kaka Yakobo,

Shikamoo. Pole kwa mihogo, na mpe pole mchungaji. Huku Princess alipata homa siku tatu, imekwisha. Kuku yupo.

Barua yako nilimsomea Princess yote, hata pale pa nyumba. Aliichukua akaisoma tena mwenyewe. Kisha akasema, "Babu anaweza kunifungia mlango. Mimi nitamaliza." Akarudi kazini. Sikumfundisha maneno hayo.

Umeuliza kazi hii inaacha alama gani. Mwezi uliopita nilimwona akiandika upya jambo moja mara kumi na tisa, kwa sababu wimbi lilipiga ubavu wa mtumbwi na mtumbwi haukuyumba kama mtumbwi unavyoyumba. Mara kumi na tisa, kaka. Nimefundisha pamoja na walimu ambao hawakuwahi kurudia somo mara mbili. Wewe mwenyewe ulikuwa ukifumua nyavu ukaziunda upya kwa sababu ya tundu moja, na hakuna aliyesema Yakobo anacheza na kamba.

Unamtaka awe mwalimu. Nilikuwa mwalimu, nikaupenda ualimu, na ndiyo maana najua mtu asiyeutaka akiingizwa darasani huwatesa watoto arobaini kwa mpigo. Sitampeleka.

Sasa acha nikueleze wanachokitengeneza, ili unapokikataa ukikatae kwa jina lake. Ni gemu ya uvuvi wa dagaa katika ziwa letu. Mchezaji anaingia kwenye mtumbwi na taa yake, anapiga kasia hadi maji ya kina, anashusha taa, dagaa wanakuja kwenye mwanga, anavuta nyavu. Upepo ukigeuka asirudi mapema, mtumbwi unazama, naye huanza upya kutoka ufukweni. Ufukwe ni wetu wa Shirati. Nilimwelekeza Princess mimi mwenyewe, mpaka lile jiwe lenye umbo la ng'ombe aliyelala.

Kilicho kizuri kuliko vyote ni mbalamwezi. Mwezi mpevu unaning'inia juu ya maji, ziwa lote ni jeupe, na katika weupe ule upo mtumbwi mmoja tu. Masele alipouona alisahau chai yake mkononi. Princess amekuchorea kwenye karatasi niliyoiweka ndani ya bahasha hii.

Mtumbwi nimeuita Roza, jina la mama. Utakumbuka ni mtumbwi wa nani ulioitwa hivyo. Miaka hamsini imepita na hakuna mtu katika nyumba yetu anayemtaja ndugu yetu Otuoma. Nimeona atajwe mahali.

Dada yako,
Selina


Mkolani
18 Agosti 2024

Kaka,

Shikamoo. Miezi mitatu imepita. Shigela ameapa kwamba alikupa bahasha mkononi, ukaifungua mbele yake, ukatazama mchoro, ukaingia ndani bila kumuaga. Anasema hukumpa hata maji. Nilimwambia amekosea nyumba.

Malimi ananiambia u mzima na kanisani unakwenda. Basi sina wasiwasi wa ugonjwa. Nina wasiwasi wa ukimya, ambao nyumbani kwetu ni ugonjwa wa zamani.

Kama jina la mtumbwi limekuudhi, sema. Usiposema, halifutwi. Otuoma alikuwa kaka yangu pia. Nilikuwa kidato cha pili, niliitwa ofisini kwa mkuu wa shule nikapewa barua yenu ya mistari mitatu, na nilipofika nyumbani kaburi lilikuwa limekwisha kuota majani. Niliuliza ilikuwaje. Ulinijibu, "Ziwa limemchukua," ukaenda kulisha ng'ombe. Hilo ndilo jibu nililoishi nalo.

Tarehe 30 Oktoba watakuja watu wa kampuni moja ya Dar es Salaam kuitazama gemu. Wakiikubali, Princess na wenzake watapata kazi ya mwaka mzima. Kwa hiyo mwisho wa Oktoba, tarehe uliyompa, atakuwa Kirumba mbele ya watu hao. Nakuambia mapema ili usiseme umefichwa.

Selina


Shirati
11 Septemba 2024

Dada Selina,

Marahaba. Mchungaji ameng'olewa jino. Sina habari nyingine.

Nimeuona mchoro. Mkono wa mtoto ni mzuri. Jiwe la ng'ombe ni lenyewe.

Nilikwisha kuamua nisikujibu. Lakini mchoro una kosa, na kosa hilo siwezi kuliacha likae nyumbani kwangu.

Hakuna mtu anayevua dagaa kwa taa wakati wa mwezi mpevu. Dagaa hufuata taa kwa sababu kwingine ni giza. Ziwa likiwa jeupe lote, taa yako ni nini kwao? Siku hizo mitumbwi huvutwa mchangani, watu wakashona nyavu na kulala. Uliniandikia kwa mkono wako mwenyewe kwamba vijana wa dagaa hujaa katika ukumbi ule siku za mbalamwezi. Hukujiuliza kwa nini? Umezaliwa hatua mia mbili kutoka majini, umevaa viatu ukaenda shule, ukasahau.

Nimeandika neno viatu bila kukusudia. Nikifuta utaona nimefuta. Basi likae.

Ulikuwa tayari shuleni, na zilibaki siku nne kufika mwisho tuliopewa. Ada ilikuwepo. Viatu havikuwepo, na barua ya shule ilisema asiye na viatu vya ngozi atarudishwa nyumbani. Mwezi ulikuwa mpevu. Mtu mwenye shida huweza kutoka hata siku hizo, kwenye maji ya mbali, akapata debe moja kwa usiku wote. Nyavu zangu zilikuwa zimepasuka. Za Otuoma zilikuwa nzima. Nilimwambia aende.

Siku za giza ziwa lina taa nyingi kama mji. Mtu akipinduka, mwenzake aliye karibu anaona taa imezimika, anakuja. Usiku ule hapakuwa na taa nyingine. Mlichora sawasawa hapo, mtumbwi mmoja katika weupe.

Unaniambia katika gemu yenu mtu akizama huanza upya kutoka ufukweni. Mimi nilikaa kwenye ufukwe huo hadi saa nne asubuhi, na hakuna aliyeanza upya. Sitaki mtoto wa nyumba hii ale chakula kwa uongo huo.

Viatu nilivinunua baadaye kwa kuuza ng'ombe. Vilikufikia.

Ondoeni jina. Princess aje.

Yakobo


Mkolani
3 Novemba 2024

Kaka yangu Yakobo,

Shikamoo. Safari hii nimechelewa mimi. Barua yako ilinikuta Septemba, na kila nilipoanza kujibu niliandika kama mwalimu, nikachana.

Viatu vile vilikuwa vya kahawia, vyenye mshipi wa pembeni. Nilivivaa hadi kidato cha nne, na vilipobana nilivikata vidole nikaendelea kuvivaa. Niliporudi likizo nikiwa navyo miguuni hukunitazama chini hata mara moja. Nilidhani unanionea wivu wa shule. Miaka hamsini nimedhani hivyo, kaka.

Sitaandika zaidi kuhusu hilo. Naandika kuhusu nilichofanya.

Jina sijaliondoa. Nimeondoa mwezi. Nilimsomea Princess maneno yako kuhusu taa na giza, akaweka kalamu chini, akauliza, "Kwa hiyo siku za mbalamwezi Roza hatoki?" Nikamwambia hatoki. Alikaa wiki tatu akibadili. Sasa katika gemu mwezi unakua kama unavyokua. Ukifika mpevu, mtumbwi unakuwa umevutwa mchangani kando ya lile jiwe, na hata ubonyeze pedi mpaka kidole kiume, hausogei. Unashona nyavu. Unangoja siku zipite. Giza likirudi unatoka, na taa za wenzako zipo pande zote.

Masele aliwaonyesha vijana wa dagaa. Mmoja wao alibonyeza, akabonyeza, akatazama juu kwenye kioo akauona mwezi, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akasema aliyetengeneza hii si mtu wa ofisini, ana mzee wake ziwani. Princess alimjibu kwamba ndiyo, anaye.

Watu wa Dar es Salaam walikuja tarehe 30, wawili, mwanamke na mwanamume, waungwana. Walicheza saa nzima na kusifu mawimbi. Kisha mwezi ukafika mpevu. Yule mwanamume akabonyeza, mtumbwi ukakaa. Akasema hapa imeharibika. Princess akamwambia haijaharibika. Akaelezwa sababu, akatikisa kichwa, akasema wachezaji hawana uvumilivu huo, wataifuta gemu hii na kutafuta nyingine. Akataka siku hizo mtumbwi uruhusiwe kutoka, hata kama samaki watakuwa wachache. Ni jambo dogo, akasema, la nusu siku.

Mimi nilikuwa kwenye benchi la nyuma. Nilitaka kusema, nikaumeza ulimi. Haikuwa kazi yangu.

Princess alisimama. Alisema, "Mtaniwia radhi. Huu mtumbwi siku za mbalamwezi hautoki. Kama ni lazima utoke, basi sina gemu ya kuwauzia."

Waliaga vizuri. Walisema watafikiri. Wenzake wawili hawajazungumza naye tangu siku hiyo, na mmoja ameondoa meza yake chumbani. Huenda tumepoteza kila kitu. Usiku huo alikula ugali wake wote, akaosha vyombo, akafungua kompyuta, akaendelea na mawimbi.

Tarehe yako imepita na begi lake liko chini ya kitanda, halina kitu ndani. Haji, kaka. Simleti, na hata ningemleta asingekuja. Ukitaka kumfungia mlango, mfungie ukijua unamfungia nani. Uliniambia kazi humwachia mtu alama. Mtoto huyu amekataa kazi kwa ajili ya mtu aliyekufa kabla baba yake hajazaliwa. Kama hiyo si alama, basi sijui tulichofundishwa.

Nami nitaendelea kucheza. Jana nilifika mwezi mpevu mara ya tano, nikakaa mchangani nikashona nyavu.

Selina


Shirati
17 Novemba 2024

Dada Selina,

Marahaba. Shigela ameleta. Amekunywa maji na uji.

Bado sijakubali kwamba ni kazi. Nikikubali, utaniona nimekuwa mtu mwingine, na mimi ni yuleyule. Mtu mzima kukaa kwenye benchi akibonyeza ni jambo ambalo sitalieleza kwa wakwe.

Chuo cha ualimu nimewaandikia kwamba mjukuu wangu haji, nafasi wampe mwingine. Sikuwapa sababu. Hawakustahili sababu.

Mlango haujafungwa. Nilisema tu.

Mwambie Princess mambo matatu, ayaandike. Taa haishushwi kabla mtumbwi haujatulia, la sivyo dagaa hutawanyika. Upepo wa kutoka milimani hautangulizi wimbi, hutanguliza baridi kwenye masikio. Kama gemu haina masikio, atafute njia. Na jiwe la ng'ombe liko kushoto unaporudi. Yeye amelichora kulia, kwa sababu wewe ulimwelekeza ukiwa umesimama nchi kavu. Otuoma aliliona kutoka majini.

Juzi mwezi ulikuwa mpevu. Nilikwenda mwaloni nikahesabu mitumbwi iliyo mchangani. Yote ilikuwepo.

Lipo swali moja, nalo nimelibeba tangu Shigela alipoondoka. Mtu akikaa na mtumbwi huo mchangani, asibonyeze kitu, asubiri mpaka giza lirudi, kisha akatoka na wenzake, hurudi ufukweni?

Usiniandikie jibu. Barua hukaa siku nyingi njiani. Nipigie simu, nitaipokea.

Yakobo